Sura ya 6: Debe Lisilofurika

Bibi alianza kwa sauti ndogo, ya mtu anayejikumbusha. Tulikuwa uani kwake, juu ya Mkuyuni kwenye njia ya kupanda Kinole, siku ya kumtoa mwali, na ngoma zilikuwa bado zinaota moto pembeni ili ngozi zikaze. Mkononi nilikuwa na rekoda ya biti 24. Nikapandisha gein, nikaongeza tena, mpaka kwenye hedifoni nikawa namsikia anavyovuta pumzi kabla ya kila mstari. Mara wapigaji watatu wakaingia kwa pamoja, wanawake wakapiga vigelegele, na taa nyekundu ya rekoda ikawaka isizime. Hadi kidole changu kinafika kwenye kigurudumu cha gein, ubeti wa kufungulia, ule ambao bibi mwenyewe alisema hata binti zake hawaujui wote, ulikuwa umekwisha kuimbwa.

Usiku ule nilishuka mjini Morogoro, nikalifungua faili kwenye laptop. Sehemu ya bibi peke yake ilikuwa safi. Ngoma zilipoingia, mawimbi yote yalikuwa yamekatwa vichwa, sawasawa kama majani yaliyopitiwa na fyekeo, na sauti ya bibi imezikwa humo. Nilishusha kiwango, mkwaruzo ukashuka pamoja nacho. Masika yaliyofuata nilipanda tena kwenda kumwomba aurudie wimbo. Nilikuta wamekwisha kumzika.

Wimbo ule uliopasuka bado ninao, na ndio ulionipeleka kwenye habari za biti na namba ambazo mtu wa kurekodi masimulizi anaweza kudhani hazimhusu. Zinamhusu kuliko zinavyomhusu prodyuza wa studio.

Prodyuza wetu husema "sauti imepasuka", na sote tunaelewa. Lakini neno hilo linaficha kilichotokea. Hakikupasuka kitu, kilifurika. Rekoda ya dijitali hufanya kazi ya karani wa ghala: mara 48,000 kwa kila sekunde inapima msukumo uliofika kutoka kwenye maiki na kuuandika kama namba. Karani wa biti 16 ana ngazi 65,536 za kupimia. Wa biti 24 ana ngazi 16,777,216. Ngazi ni nyingi, lakini zote zimo ndani ya debe moja lenye ukingo. Mchele ukifika ukingoni unamwagika, na karani anaandika "limejaa", kisha "limejaa" tena, na tena, bila kujua ni vibaba vingapi vilivyoanguka chini. Yale majani yaliyofyekwa ni maneno hayo yaliyoandikwa mfululizo. Hakuna fundi wala programu itakayojua kilichomwagika kilikuwa kiasi gani. Zipo programu zinazokisia, nimezitumia, na kwa ngoma zinakisia vibaya.

Gein ndiyo inayoamua umimine kwa kikombe au kwa ndoo. Ukimimina kwa kikombe, ngoma zitaenea debeni lakini sauti ya bibi itakuwa punje chache zilizochanganyika na vumbi la sakafuni, maana kila mashine ina vumbi lake, ule mvumo mdogo wa umeme wa ndani. Ukimimina kwa ndoo, bibi anasikika vizuri na ngoma zinafurika. Kwa miaka mingi ustadi wote wa kurekodi nje ya studio ulikuwa ni kukisia kabla: nani ataanza kwa sauti ndogo, nani atapiga kelele, na lini.

Mwenye duka wa zamani hakuhesabu kila kitu kwa punje. Aliandika tarakimu na kipimo: vibaba 3, pishi 3, magunia 3. Tarakimu ni ile ile. Kinachohama ni kipimo. Kwa daftari la namna hiyo unaweza kuandika chumvi ya mchuzi na mavuno ya wilaya nzima ukurasa mmoja, na hakuna kinachomwagika, kwa sababu kipimo kikizidiwa unachukua kikubwa zaidi. Hivyo ndivyo namba ya nukta inayoelea inavyoandikwa katika biti 32. Biti 1 inasema kama namba ni chanya au hasi, biti 8 zinachagua kipimo, biti 23 zinabeba tarakimu zenyewe. Utaratibu huo uliwekwa na wahandisi wa kompyuta mwaka 1985 kwa jina la IEEE 754, na ulitumika katika mahesabu ya kisayansi miaka mingi kabla rekoda ya mkononi haijaugusa. Mafundi wetu husema tu "floti". Nami nitasema floti.

Matangazo ya rekoda hizi hupenda kutaja namba moja: desibeli 1,528, tofauti kati ya kitu kidogo kabisa na kikubwa kabisa ambacho floti inaweza kukiandika. Biti 24 zinaishia 144. Ukiisoma namba hiyo, kumbuka kwamba katika hewa tunayovuta wimbi la kawaida la sauti haliwezi kuzidi kama desibeli 194. Kwa hiyo 1,528 ni ukubwa wa ghala, na ghala halijawahi kumlimia mtu shamba. Kinacholeta sauti ghalani ni maiki na saketi inayopima, na hivyo vina mipaka midogo zaidi.

Ndiyo maana rekoda ya floti iliyo ya kweli haina mizani mmoja ndani yake. Ina miwili kwa kila maiki. Mmoja ni kama wa sonara: unapima sauti ndogo kwa uangalifu mkubwa, na ukitupiwa gunia unazidiwa. Wa pili ni kama ule wa stoo ya mazao, unaobeba gunia bila kutetereka lakini hauioni pete. Yote miwili inapima wakati mmoja, muda wote, na mashine huchukua jibu la ule unaoiweza sauti ya dakika hiyo, kisha huunganisha majibu bila mshono kusikika. Floti ni daftari tu la kuandikia jibu ambalo debe la zamani lisingelitosha. Mwaka 2019 Sound Devices ya Marekani ilitoa MixPre za toleo la pili zilizojengwa hivyo, zikidai desibeli 142 kwa jumla, na Zoom ya Japani ikatoa F6. Tangu hapo bei imekuwa ikishuka.

Hapa pana mtego ambao nimewaona vijana wengi wakinaswa. Mtu ana saundi kadi ya kawaida iliyounganishwa na kompyuta. Anafungua programu, anaona mahali pa kuchagua biti 32 floti, anachagua, na anaamini amekingwa. Hajakingwa. Saundi kadi yake ina mizani mmoja wa biti 24, na mchele umekwisha kumwagika kabla programu haijafungua daftari. Programu nyingi, hata Audacity ambayo ni ya bure, hufanya mahesabu yake yote kwa floti, na hilo ni jema wakati wa kuhariri. Lakini kuandika namba iliyokatwa katika daftari kubwa hakuirudishii kichwa chake. Ukinunua, uliza swali moja tu: hicho kifaa kina vipimaji viwili kwa kila maiki? Muuzaji asipojua, tafuta maelezo ya kiwanda mwenyewe kabla ya kutoa hela.

Wazee wa mji huu huniuliza mbona mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alirekodiwa bila mambo haya yote, na sauti zake zinasikika mpaka leo. Swali lao ni zuri, na jibu lake ndilo linaloamua kama wewe unahitaji floti au huhitaji.

Morogoro, mji kasoro bahari, uliibeba Morogoro Jazz tangu 1944 na Cuban Marimba ya Salim Abdullah tangu 1948. Bendi hizi zilikwenda Dar es Salaam kurekodi Radio Tanzania, wanamuziki wote chumba kimoja, wimbo mzima kwa pamoja, na fundi upande wa pili wa kioo akiangalia mshale unaocheza. Fundi yule alikuwa na vitu viwili ambavyo mimi sikuwa navyo kule juu ya Mkuyuni. Kwanza, bendi iliweza kupiga wimbo kwa majaribio; fundi akajua tarumbeta zinaingia wapi na gitaa la Mbaraka linapanda wapi, akaweka mkono wake tayari. Ikiharibika, wanaanza upya. Pili, alikuwa na mkanda wa sumaku. Mkanda ukizidiwa haukati. Unalegea kidogo kidogo, unaibana sauti, unaivimbisha, na sikio huusamehe, hata huupenda. Dijitali haina huruma hiyo. Iko salama hadi ukingoni, na hatua moja ng'ambo ya ukingo hakuna kitu.

Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na gari lililobeba mashine zake za kurekodi, hakuwa na studio wala majaribio marefu. Alizoea kushika maiki kwa mkono, akimsogelea mwimbaji na kurudi nyuma ngoma zinapopanda. Mkono wake ndio uliokuwa gein. Nimeufikiria sana mkono ule. Ulimhitaji mtu mzima, macho na masikio yote, asifanye jingine.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua wauzaji hawatayapenda. Bendi iliyo studio, kwaya inayofanya mazoezi kanisani kwake, msanii wa kizazi kipya anayeingiza sauti kibandani pale Kihonda, wote hawa hawahitaji floti. Wanaweza kurudia. Weka gein ili sauti kubwa kabisa ibaki kama desibeli 12 chini ya ukingo, rekodi kwa biti 24, na hela iliyobaki nunua maiki bora au magodoro ya kuziba mwangwi. Floti ni ya mambo yasiyorudiwa: mwali anayetolewa leo, mzee anayekumbuka jambo mara moja akiwa njiani kwenda shambani, mkutano wa kijiji unaoanza kwa minong'ono na kuishia kwa makelele, radi ya Machi juu ya Lupanga. Na wanaorekodi mambo hayo mara nyingi ni mwandishi wa redio aliyetumwa peke yake, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine anayeuliza wakulima habari za mbegu, mjukuu aliyekuja likizo na simu. Hawa ndio wasiowahi kuniuliza habari za rekoda.

Basi ununue ipi?

Mimi natembea na Zoom F3, iliyotoka mwaka 2022. Inaenea kiganjani. Ina soketi mbili za XLR na inakula betri mbili za AA. Haina kigurudumu cha gein kabisa, na hilo ndilo lililonivutia, maana kigurudumu kikiwepo mkono utakitafuta tu. Kuna jambo moja la kuchagua kwenye kila soketi, nalo wengi hulisahau: umeunganisha maiki, au umechukua sauti kutoka kwenye mikisa? Sauti ya mikisa ina nguvu mara nyingi zaidi, na ukiiacha rekoda ikidhani ni maiki, sauti itaharibika kwenye saketi ya kuingilia, kabla ya ile mizani miwili. Floti haitakusaidia hapo.

Ubaya wa F3 ni kwamba haina maiki yake. Unanunua mashine, kisha unaanza kununua upya. Kwa anayeanza, Zoom H1essential ya mwaka 2024 inatosha kufungua njia. Ilipotoka Marekani iliuzwa kama dola 100. Kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. Ina maiki mbili juu yake na inarekodi kwa floti. Ila maiki zake zina mwisho, desibeli 120, na ngoma iliyo karibu inaufikia mwisho huo kirahisi. Maiki ikizidiwa, utando wake wenyewe umeshindwa, na mizani miwili iliyo nyuma yake itapima kwa uaminifu kabisa sauti ambayo tayari imeharibika. Ukienda nayo ngomani, kaa mbali. Ndugu yake mkubwa, H4essential, anabeba hadi desibeli 130 na ana soketi mbili za XLR; kwa mtu anayetaka mashine moja ya kila kazi ningemshauri huyo. Tascam wana Portacapture X8 ya 2021 na X6 ya 2022, zina sauti nzuri, lakini huendeshwa kwa kugusa kioo, na upande wa mashariki wa Uluguru, ambako mvua haikatiki sana, vidole vyangu huwa vimelowa. MixPre ni mashine bora kuliko zote nilizotaja. Chuo au kituo cha redio kinunue. Mtu binafsi anunue akiwa amemaliza kununua kila kitu kingine.

Na saundi kadi? Zoom wana UAC-232, yenye soketi mbili na floti ya kweli, kwa kuunganisha na kompyuta. Inafaa kwa anayerekodi mahojiano mezani au anayetangaza moja kwa moja. Lakini F3 na zile za familia ya essential nazo zikichomekwa kwa waya wa USB hugeuka kuwa saundi kadi ya floti. Kwa hiyo mwenye rekoda asikimbilie kununua cha pili. Waliozoea maiki zile za kubana kwenye kola, zinazotumiwa na watu wa video za harusi na televisheni za mtandaoni, wajue hivi: Rode Wireless Pro na DJI Mic 2 zina floti, lakini iko kwenye faili linalohifadhiwa ndani ya kile kidude cha kolani. Sauti inayosafiri hewani hadi kwenye kamera haina kinga hiyo. Baada ya kazi, lazima ukichomeke kidude chenyewe kwenye kompyuta ukachukue faili lake.

Siku ya kununua, nenda na laptop na hedifoni zako. Tangu Juni 2024 treni ya SGR imetusogezea Kariakoo. Unaondoka Morogoro asubuhi na jioni uko nyumbani, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua kwa picha ya simu. Omba urekodi pale dukani. Nong'ona ukiwa hatua tatu mbali, kisha piga kofi kali karibu na maiki. Hamisha faili kwenye laptop, ushushe kofi, upandishe mnong'ono. Kofi likirudi na kilele chake na mnong'ono ukasikika bila mvumo mzito, umepata. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika tano, mwache.

Sasa niseme yale ambayo floti haiyawezi, kwa sababu humo ndimo hela yako inapopaswa kwenda.

Haiwezi kuondoa upepo. Upepo wa alasiri unaopanda mabonde ya Mgeta ukiigonga maiki tupu, unazalisha ngurumo nzito inayofunika maneno, na floti itaihifadhi ngurumo hiyo yote bila kukosa hata tone. Kofia ya manyoya ya maiki ni kitu cha kwanza kununua baada ya rekoda; ukikosa fedha, mshonaji yeyote wa Mji Mpya anaweza kukushonea kwa kitambaa cha manyoya marefu, mradi kisiwe kizito kiasi cha kuziba sauti. Haiwezi kuondoa bati. Mvua ikianza juu ya paa la bati, mahojiano yamekwisha. Tokeni mkae chini ya paa la nyasi au msubiri. Haiwezi kukusogeza karibu na mtu. Maiki iliyo umbali wa mita tano inasikia uwanja kuliko inavyomsikia msemaji, na ukipandisha baadaye utapandisha vyote.

Wala haifuti vumbi la sakafuni nililolitaja, ule mvumo wa maiki. Hili wanaorekodi msituni wanalijua kuliko sisi wa ngoma. Kwenye misitu ya Uluguru yupo ndege anayeitwa na wanasayansi Malaconotus alius, asiyeishi pengine popote duniani. Hukaa juu kwenye vilele vya miti, na wanaomtafuta humsikia kwanza. Wengi hawamwoni kabisa. Anayemrekodi hana shida ya kufurika. Shida yake ni ukimya: maiki yenye mvumo wa desibeli 20 itamfunika ndege aliye mbali, na yenye mvumo wa desibeli 4 au 5 itamwachia nafasi. Floti haibadilishi hesabu hiyo hata kidogo. Watafiti wengi wa viumbe huacha msituni vifaa vidogo vya AudioMoth, vyenye biti 16 tu na betri tatu za AA, na kazi inafanyika vizuri. Ukiwa mtu wa ndege, nunua maiki tulivu kwanza.

Unyevu nao ni adui wa kweli huku. Milima hii inapokea mawingu ya Bahari ya Hindi, na ndiyo inayoujaza mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Maji hayo hayo yakiingia kwenye maiki ya kondensa unaanza kusikia milio ya kupasuka, kama mahindi kwenye sufuria. Zipo maiki zilizojengwa zivumilie, kama zile za Sennheiser za jamii ya MKH, lakini bei yake ni ya kununulia pikipiki. Mimi nakusanya vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu, navitia vingi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko mkali, na maiki inalala humo kila usiku. Betri usitegemee kuzikuta kijijini. Za bei rahisi hazidumu pale maiki inapodai umeme wa volti 48. Chukua za kuchaji, na power bank ya akiba.

Kuhusu nafasi ya kadi usihangaike. Saa moja ya stereo kwa floti inachukua kama GB 1.4, na kwa biti 24 kama GB 1. Kadi ya GB 64 inabeba saa 46.

Kuna jambo litakalokuogopesha mara ya kwanza. Ngoma zinapanda, na kwenye hedifoni unasikia sauti inapasuka. Usizime. Hedifoni zina debe lake dogo, na lenyewe linafurika hata kama faili ni zima. Punguza sauti ya hedifoni. Mkwaruzo ukibaki pale pale, kosa liko kwenye maiki: isogeze nyuma haraka. Mkwaruzo ukiondoka, faili ni salama. Vivyo hivyo nyumbani, utakapolifungua faili na kuona mawimbi yametoka nje ya kisanduku juu na chini: yashushe kwanza, ndipo uligeuze kuwa biti 24 au MP3. Ukigeuza kabla ya kushusha, unamwaga kwa mkono wako kile ambacho rekoda ilikilinda. Na usitume faili la floti kwa WhatsApp kwa mtu mwenye simu ya kawaida. Simu nyingi hazitalifungua, naye atadhani hukurekodi kitu. Mtengenezee nakala.

Nimebakiza jambo moja ambalo hakuna karatasi ya kiwanda inayolisema. Mashine hii inachukua na yale ambayo watu walidhani umbali umeyaficha. Nyimbo za unyago zina wenyewe. Kungwi anapomwinamia mwali na kumnong'oneza, anajua nani yuko karibu na nani yuko mbali, na wewe umekaa mbali kwa sababu hukupaswa kusikia. Ukifika nyumbani ukapandisha desibeli 30, unaweza kumsikia. Nilifanya hivyo mara moja, usiku, kwa kutaka tu kujua mashine inafika wapi, na nilipolielewa neno la kwanza nilikata kipande kile nikakifuta. Siku hizi nawaeleza wenye shughuli kabla ya kuanza, kwa maneno ya wazi: mama zangu, hiki kinasikia hata mnong'ono wa pale, mkitaka nikizime, nionyesheni kwa mkono. Huwa wananionyesha. Nakizima.

Mwaka uliofuata baada ya kununua F3 nilialikwa Matombo, kwenye shughuli nyingine ya mwali. Nilisimamisha maiki mbili chini ya mwembe, zimevaa manyoya, nikaiweka rekoda chini, nikabonyeza mara moja. Halafu sikuwa na la kufanya. Mikono yangu ilikuwa mitupu kwa mara ya kwanza katika ngoma yoyote niliyowahi kurekodi, na dada mmoja aliliona hilo kabla yangu. Alikuwa anataka kuingia kucheza. "Mjomba wake," akasema, "hebu nipakatie huyu." Kwa Waluguru, ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, mjomba si neno la kumtupia mtu hivi hivi. Nilimpakata mtoto mpaka alipolala. Niliwaona wapigaji wakitazamana kabla ya kubadili mdundo, nikaiona ishara ambayo miaka ile juu ya Mkuyuni iliniponyoka kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye taa nyekundu: mpigaji wa ngoma kubwa hunyanyua kidevu.

Usiku nililifungua faili. Ngoma zilikuwa zimevuka ukingo kwa desibeli 9. Nikazishusha 10, vilele vikarudi vyote, kila kimoja na ncha yake. Kisha nikarudi mwanzo, pale kabla ya ngoma, mama mwenye nyumba anapoimba peke yake, nikapandisha, nikamsikia anavyovuta pumzi, na chini yake, kwa mbali, mtoto anakohoa mara mbili na kutulia.